Maswali ya Wasomaji: Mjomba Alikuja Mara Tatu

Toleo lililopita nilieleza kwa kifupi nilivyoandika kumbukumbu za utoto wangu wa Mikindani: baba aliyetupiga mimi na mdogo wangu mpaka tulipokua, mama ambaye tuliambiwa alitutupa akavuka Ruvuma, na sanduku la bati tulilolifungua baba alipofariki mwaka 1994. Barua na ujumbe wa simu vimenifikia kutoka Kilwa hadi Nanyumbu. Nimesoma vyote. Waliotaka kujibiwa faraghani nimewajibu faraghani. Hapa najibu watatu, na naanza na ambaye jambo lake haliwezi kusubiri.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi niko Tandahimba. Jirani yangu anaishi na binti yake wa miaka tisa hivi, mama wa mtoto hayupo. Hela ya korosho ikiingia baba anakunywa, na akirudi usiku tunamsikia mtoto analia. Juzi alikuja kwangu kuomba maji, mkono umevimba. Mume wangu anasema ya watu tuwaachie watu, tutaitwa wachonganishi. Tangu nisome habari yako silali. Nifanyeje? — Mama wa watatu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Piga 116. Ni simu ya bure ya kusaidia watoto, na huhitaji kuwa ndugu wa mtoto ili upige. Kisha nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu, au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kama huko ni mbali, anza kwa mtendaji wa kijiji. Mkono uliovimba uonwe na daktari, huenda umevunjika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayeona haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa, kwa hiyo hapo huchonganishi mtu, unatimiza wajibu. Mtoto mwenyewe usimhoji sana. Mpe maji, mpe chakula, mwambie mlango wako haufungwi kwake hata saa nane za usiku. Na andika pembeni: siku gani, mkono upi, umevimba wapi.

Mume wako mweleze hili kwa niaba yangu. Nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa fundi cherehani, mtu mpole sana, alikuwa akitupa vipande vya vitambaa tuchezee. Baba akianza, tulisikia cherehani ya fundi inakwenda kasi. Nilidhani ana kazi nyingi za usiku. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba hakuwa na nguo ya kushona.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 36, nina duka dogo la vifaa vya shule hapa Lindi mjini. Baba yetu alifariki mwaka juzi. Alikuwa kiongozi kwenye chama cha msingi cha ushirika, na siku ya maziko watu walijaa hadi barabarani. Nyumbani alitupiga kwa mpira wa baiskeli, sisi na mama. Siku ya arobaini akaja mwanamke tusiyemjua na kijana anayefanana na kaka yangu kama wamezaliwa tumbo moja. Wazee wakawapeleka pembeni, wakaondoka, na hakuna aliyewazungumzia tena. Nimejaza kaunta buku tatu. Kaka yangu anasema maiti hasemwi, tutaje mema yake basi. Mama amesema, “Ukitaka kuandika hayo, nizike kwanza.” Je, nina haki ya kuandika? Na kama ninayo, nafanyaje? — Mwenye duka, Lindi

JIBU: Marahaba, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara nne, na kila mara nimekwama pale mama anaposema umzike kwanza. Nitafika huko.

Kaka yako ameshika neno moja la dini akaliacha jingine. Ni kweli tumefundishwa kutaja mema ya waliotutangulia. Lakini katika Surat An-Nisaa, aya ya 148, Mwenyezi Mungu anatuambia hapendi maneno mabaya yatangazwe, ila kwa aliyedhulumiwa. Aya hiyo alinionesha maalim mmoja mzee wa Mikindani, na nitamtaja tena, maana bila yeye nisingekuwa na cha kuandika. Mtoto aliyepigwa kwa mpira wa baiskeli amedhulumiwa, na kusema alichofanyiwa si kumsengenya marehemu. Wala usidhani yalikupata peke yako. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 uliwauliza vijana kuhusu utoto wao, na karibu robo tatu yao, wa kike kwa wa kiume, walisema walifanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18.

Mema ya baba yako yataje pia, tena yote. Baba yangu ndiye aliyenifundisha kusoma saa kabla sijaanza shule, kwa saa yake ya kazini, na alikuwa akinisubiri nihesabu mwenyewe bila kunikatiza. Nimeliandika hilo kwa moyo mweupe. Bila hilo msomaji asingeelewa kwa nini nilikuwa bado namkimbilia mlangoni.

Sasa kazi yenyewe. Chukua kalamu za rangi tatu, uzipitie upya zile kaunta buku. Ulichokiona kwa macho yako kipigie mstari wa rangi moja, ulichoambiwa rangi ya pili, unachodhani rangi ya tatu. Fanya mchana, mlango ukiwa wazi, na mtu wako wa karibu awe anajua unachofanya. Mimi nilipofanya hivyo nilishtuka. Sura nzima ya mama yangu ilikuwa rangi ya pili. Hapakuwa na hata mstari mmoja niliouona.

Ulichokiona usikiandike kwa jumla. “Baba alikuwa mkali” anaweza kuandika yeyote. Baba yangu alikwenda kazini Mtwara kwa baiskeli, Raleigh nyeusi, kilomita kama kumi na moja kwenda na hizohizo kurudi. Jioni tulisikiliza anavyoiegemeza ukutani. Akiiegemeza taratibu, ukasikia usukani unagusa chokaa na basi, usiku huo tutakula kwa amani. Akiiachia ikaanguka, mdogo wangu alikuwa ameshatoka mlango wa uani kabla gurudumu halijaacha kuzunguka. Mimi nilibaki, kwa sababu asipomkuta mtoto alimgeukia mama wa kambo. Mpaka leo baiskeli ikianguka nje, mikono yangu inaacha inachofanya. Hayo niliyasikia kwa masikio yangu, na hakuna ndugu wa kunibishia.

Ukishamaliza hapo, ulichoambiwa kakipime. Mtaani kwetu watu wazima walikuwa na maelezo ya hasira za baba, na walitupa kama wanaotupa dawa: “Tangu reli ing’olewe hayuko sawa.” Vijana wengi hawaijui reli hiyo. Waingereza walianza mradi wao wa karanga mwaka 1947, Nachingwea ikiwemo, na kwa ajili yake wakajenga reli na bandari ya Mtwara. Mradi ulikufa mwaka 1951. Reli ikaendelea kwa shida mpaka ikafungwa mwaka 1962, vyuma vikang’olewa. Baba alikuwa karani wa reli hiyo. Ilipofungwa akavua sare, akawa kibarua bandarini. Nilimhurumia miaka na miaka kwa ajili ya sare ile. Nilijiambia amevunjwa, ndiyo maana anatuvunja na sisi.

Kwenye sanduku la bati, chini ya vifungo vya sare na stakabadhi za kodi, palikuwa na barua nne zimefungwa kwa uzi wa katani. Zilikuwa za Kiswahili lakini kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wengi wa huku. Mimi ni mwalimu, nimefundisha mamia ya watoto kusoma, na barua za nyumbani kwetu sikuweza kuzisoma. Chuo cha Kurani nilisoma juzuu kwa irabu zake. Mwandiko wa mkono usio na irabu ulinishinda. Nikazipeleka kwa yule maalim. Alinisomea barazani kwake, kidole kikifuata mstari kutoka kulia, akisimama kila neno lililofifia.

Zote zilitoka Newala, kwa kaka yake mama. Ya kwanza iliandikwa mwezi wa Rajabu, mwaka 1380 wa Hijria. Maalim akahesabu kwa vidole: mwisho wa 1960 au siku za mwanzo za 1961. Mjomba ameandika kwamba dada yake amefika kwake hawezi kuinua mkono wa kushoto. Kwamba yeye mwenyewe ameshafika Mikindani akanyimwa watoto. Kwa Wamakonde wa zamani, kama kwa Wamwera na Wayao, mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba, njomba kama tunavyosema sisi, ndiye mwenye kauli. Aliandika: “Watoto wa dada yangu nipe, nguo na chakula chao viko kwangu.”

Maalim alipomaliza kusoma nilimwomba arudie tarehe. Rajabu 1380. Reli ilikuwa inakwenda. Baba alikuwa na sare yake, mshahara wake na saa yake. Nilikaa pale barazani mpaka magharibi ikaadhiniwa.

Kwa hiyo, mwanangu, tafuta tarehe. Cheti cha ndoa, kadi ya kliniki, rejesta ya shule, stakabadhi ya korosho, picha yenye maandishi nyuma. Wazee watakwambia “mwaka ule wa mvua kubwa”, na mvua kubwa zimenyesha miaka mingi. Halafu waulize walio hai wangali hai. Mimi nilikwenda kwa shangazi, dada yake baba, siku ya pili yake. Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo. Nikamwambia barua zinasema nini. Hakuinua uso. Akatoa kijiwe, akakitupa uani, akasema: “Mdogo wako alikuwa hajaacha ziwa. Mjomba wenu alikuja mara tatu. Mara ya tatu alilala msikitini, asubuhi baba yenu akamwambia mmeshapelekwa Dar es Salaam. Mlikuwa chumbani, nimewafungia mimi.” Akaendelea kuchambua.

Nilimchukia shangazi kwa muda, sitakuficha. Lakini ndiye pekee aliyenipa nilichokuwa natafuta, na alinipa mara moja tu nilipouliza. Alikuwa hajawahi kuulizwa. Kwamba baba anapiga haikuwa siri ya nyumba yetu, hilo lilijulikana mpaka kwa fundi cherehani. Siri ilikuwa kwamba kuna mtu alikuja kutuchukua. Nimeishi miaka thelathini na minne nikijua hakuna aliyekuja. Nawe ukikaa na wazee waliompeleka yule mwanamke pembeni, usiwaulize tu baba yako alifanya nini. Waulize nani alijua, nani alijaribu kumzuia, alifanywa nini alipojaribu.

Sasa mama. Yeye alipigwa kabla yako, na yaliyompata mwilini mwake ni yake. Usimwombe ruhusa ya kuandika kitabu, atakataa tu. Muulize anaogopa nini hasa. Dada zake? Wakwe? Au alijua habari za yule kijana siku zote? Msomee kurasa zinazomhusu, jikoni, mkiwa wawili, na atakachokwambia ukitoe, kitoe. Mama yangu wa kambo alikuwa hai nilipoandika. Nilimsomea yote. Alitaka niondoe jambo moja, nikaliondoa, na nitakwenda nalo kaburini. Lakini mapigo yaliyotua mgongoni kwako wewe, hayo huna haja ya kumwomba mtu ruhusa, hata yeye.

Yule kijana aliyekuja siku ya arobaini mtafute. Hilo lifanye kabla hujamwandika. Mambo ya mirathi yana wenyewe, kadhi na mahakama, mimi sitayagusa. Ninalokuambia ni kwamba ana kumbukumbu zake za baba yako, na huenda kwao baiskeli iliegemezwa taratibu kila siku. Hilo litakuuma kuliko mpira. Jiandae kulisikia, na uliandike.

Walio hai wabadilishie majina. Ukimtaja mtu hai kwa kosa usiloweza kulithibitisha, anaweza kukushtaki kwa kashfa. Ukifika hatua ya kuchapa, namba ya ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na kazi yako unaweza kuiandikisha COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Hayo yasikusumbue sasa. Mimi kati ya daftari la kwanza na kitabu ilipita miaka kumi na moja.

SWALI: Mwalimu, mbona hukumalizia? Mama na mjomba uliwakuta? Darasani tumebishana. — Mwanafunzi wa kidato cha nne, Masasi

JIBU: Mama sikumkuta. Alifariki mwaka 1983, mimi nikiwa nafundisha mwendo usiozidi siku moja kutoka alipokuwa. Hilo sina namna ya kulieleza vizuri, nimeliandika mara nyingi na kulifuta.

Mjomba nilimkuta. Nilipanda Newala Agosti 1994 juu ya lori la chumvi. Alikuwa amekaa chini ya mwembe, macho yameanza kuingia ukungu. Sikujua nianzeje, nikasema mimi ni mtoto wa fulani. Hakuinuka. Akaniuliza jina la mama, nikataja. Jina la bibi mzaa mama, nikataja. Jina la mama yake bibi, nikakwama. Akanitajia yeye, akanitaka nilirudie kwa sauti, ndipo akanyoosha mkono nimwamkie.

Kesho yake alinipeleka shamba, anashika bega la mjukuu wake. Mwaka 1961, aliporudi mara ya tatu mikono mitupu, alipanda mikorosho minane: minne yangu, minne ya mdogo wangu. Mwaka 1974, wakati wa operesheni ya vijiji, watu wakahamishwa, shamba la zamani likabaki mwendo wa saa mbili. Wengi waliiacha mikorosho yao imezwe na pori. Yeye alirudi kila mwaka kupalilia. Ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, ulipokuja miwili ikaacha kuzaa, mmoja wangu na mmoja wa mdogo wangu, na alikataa kuikata kwa kuni kwa sababu si yake. Siku ile majani yake yalikuwa na vumbi la njano la salfa, dawa ya ubwiri. Nilishika shina la mmoja, nikaona mikono yangu miwili haikutani upande wa pili.

Jioni akaagiza daftari. Herufi zile zile za barua. Macho hayakumruhusu kusoma lakini aliyajua kwa moyo, mjukuu akimfunulia kurasa. Kila msimu ameandika kilo ngapi, bei gani, na hela imekwenda wapi: bati za nyumba ya mama, chumvi, mablanketi mawili, sanda ya mama. Kumbe mama alizikwa kwa korosho zangu na za mdogo wangu.

Ukurasa mmoja ulikuwa mtupu, wa msimu wa 1974. Akaniambia mwaka ule walihamishwa korosho zikiwa zimeanza kuanguka, hakupata njia ya kurudi, zikaozea chini. Akavua kofia, akaniomba radhi.